Kigingi, fito mbili na daftari: kupima pwani yako kama wanavyopima watu wa barafu

Kila bamvua kubwa la Machi, yale maji yanayojaa kupita kawaida, likipita, hapa Kigombe, pwani ya Tanga, hukosi mtu wa kusema bahari imekula tena. Mimi huuliza: imekula kiasi gani? Hapo mazungumzo hugeuka. Mmoja ataonyesha mnazi uliolala mizizi juu, mwingine ataapa kwamba enzi za babu yake kulikuwa na shamba zima mbele ya pale yanapopandishwa madau leo. Wanasema kweli wote wawili. Lakini peleka maneno hayo halmashauri uone. Afisa atakusikiliza kwa heshima zote, kisha atakuuliza ni mita ngapi, tangu lini, na aliyepima ni nani.

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi mpaka nikastaafu, na tangu nirudi kijijini nimekuwa nikisoma tafiti za kaskazini ya dunia: Greenland, Svalbard, Alaska, Siberia. Wajukuu wananicheka, babu wa Kigombe na theluji wapi na wapi. Wacha wacheke. Sehemu kubwa ya yanayojulikana huko kuhusu mabadiliko ya tabianchi na majanga yake imepatikana kwa vifaa ambavyo hata fundi wa Ngamiani anavyo: vigingi, fito, kamba, daftari. Setilaiti zilikuja baadaye. Mwongozo huu ni wa vijana wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe, walimu wa jiografia, na kila mwenye nyumba iliyo karibu na maji kuliko anavyopenda.

Barafu ya kule inakuhusu nini

Usiruke sehemu hii, maana kijijini ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Eneo la Aktiki limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Barafu ya huko ni ya namna mbili, na habari za redioni huzichanganya. Ile inayoelea baharini ikiyeyuka haipandishi maji. Usiniamini mimi: nunua bonge la barafu pale wanaponunua wachuuzi wa samaki, litie kwenye ndoo ya maji lielee, chora alama ya usawa wa maji, kisha subiri liyeyuke. Alama na maji vitabaki pamoja. Inayopandisha bahari ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, na ya Greenland peke yake ingetosha kupandisha bahari zote kwa zaidi ya mita 7 kama ingeyeyuka yote.

Mita 7 hizo zisikutie kiwewe, ni kazi ya karne nyingi. Kilichokwisha kupimwa ni hiki: kati ya 1901 na 2018 wastani wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20, na katika miaka ya 2006 hadi 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Sehemu inatokana na barafu, sehemu inatokana na maji yenyewe kutanuka yanapopata joto. Shika hiyo 3.7, tutaihitaji mbele.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya mvutano. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inayavuta maji ya bahari yajae upande wake. Ikipungua, mvuto hulegea na maji yale huachiwa yaende mbali. Ndiyo maana pwani ya Greenland yenyewe bahari inashuka, na sisi tulio kama kilomita 10,000 kutoka huko tunapata zaidi ya wastani. Nilimweleza nahodha jirani yangu, akakaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo Mzee, wao wanayeyusha, sisi tunapokea?"

"Wao hawayeyushi," nikamwambia. "Moshi ni wa dunia nzima. Ila kupokea, ndiyo, tuko kwenye foleni ya mbele."

Kigingi

Kaskazini ya Sweden kuna barafu ya mlimani iitwayo Storglaciären. Tangu miaka ya 1940 watafiti wanachimba mashimo ndani yake, wanasimamisha vigingi, wanarudi baadaye kusoma kigingi kimechomoza kiasi gani. Basi. Alaska, Kanada na Siberia nako, chini ya mpango ulioanza 1991, wanachora uwanja wa mita 100 kwa 100, na kila baada ya mita 10 wanachoma chuma ardhini mpaka kigonge udongo ulioganda, wanasoma kina. Nukta 121 kwa uwanja mmoja. Ni kazi ya kuchosha mgongo na mtoto wa darasa la saba anaiweza. Thamani yake ni kwamba inafanyika mahali pale pale, kwa namna ile ile, mwaka baada ya mwaka.

Kigingi chetu kitakuwa bikoni, alama ya wapima ardhi isiyohama. Chagua sehemu tatu au nne za ufukwe: moja inayoliwa sana, moja inayoonekana imetulia, moja iliyo nyuma ya mikoko kama mnayo. Wengi hupima pale panapoliwa tu, na matokeo yake kila anayeyasoma anajua mlitafuta msiba. Ile sehemu tulivu ndiyo itakayofanya muaminiwe.

Kila sehemu simika bikoni mbili, moja nyuma ya nyingine, zikielekea baharini, ya mbele ikiwa walau mita 20 kutoka ukingo unaomomonyoka. Zikiwa mbili, unasimama nyuma unazipanga kwa jicho, na mwaka kesho atakayepima atatembea mstari ule ule. Tumia kipande cha nondo ya milimita 12, nusu mita hivi, kwenye shimo la zege, kichwa kikichomoza kidogo. Ukipata jiwe la pwani, lile la matumbawe ya kale, simika hapo hapo, usihangaike na mchanga.

Kwa nini nasisitiza jiwe? Waulize watu wa Stockholm. Wana vipimo vya usawa wa bahari tangu 1774, na vipimo vyao vinaonyesha bahari inashuka! Bahari haishuki. Nchi yao ndiyo inayopanda, kwa kuwa zama za barafu ilikandamizwa na uzito mkubwa na mpaka leo inanyanyuka. Kipimo chochote cha pwani ni cha vitu viwili kwa pamoja, maji na ardhi. Bikoni yako ikizama taratibu kwenye mchanga, utaandika kwamba bahari imepanda.

Kisha pima kutoka kila bikoni hadi vitu viwili vitatu visivyohama: kona ya msikiti, kisima cha zege, mbuyu. Sisi wapima tunaita hivyo mashahidi. Bikoni ikipotea, mashahidi watairudisha mahali pake.

Na itapotea, usipofanya jambo ninaloliona kubwa kuliko zege lenyewe. Ukisimika bikoni kijiji chochote cha pwani hii bila kusema neno, kesho yake habari ni kwamba eneo limeuzwa, mwekezaji anakuja, watu wanahamishwa. Siwalaumu, maana mara ngapi bikoni zimekuja na habari njema? Nimewahi kukuta nondo imeng'olewa na shimo limefukiwa vizuri, na pale juu watoto wanacheza mpira kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Kwa hiyo anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha serikali ya kijiji, kisha mkutano wa hadhara. Kama mko ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, kama sisi Kigombe, wahusika wa hifadhi nao wajue kwa barua. Pale mkutanoni usianze na Aktiki. Anza na ule mnazi ulioanguka, kila mtu anaujua. Mpe mama mmoja anayekaa karibu dhamana ya kila bikoni. Kina mama wanaokausha dagaa wako ufukweni kutwa, hakuna mlinzi wa kuwazidi. Paka rangi, andika namba na neno BAHARI, ili hata mgeni aelewe kwamba hapa hakuna kiwanja.

Fito mbili na upeo wa macho

Umbali kutoka bikoni ya mbele hadi ukingo utaupima kwa futikamba, na hicho ndicho kipimo cha kwanza na cha muhimu. GPS ya simu iache mfukoni kwa kazi hii. Inapotoka kwa mita kadhaa, nawe unatafuta nusu mita.

Kipimo cha pili ni umbo la ufukwe wenyewe, umepanda au umeshuka. Tafuta fito mbili zilizonyooka za mita moja na nusu, urefu uwe sawa kabisa. Zichore alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini. Zifunge kibao kidogo chini zisizame mchangani. Baina yake weka waya wa mita 2. Najua tuko Tanga na katani ni yetu, lakini kamba ya katani ikilowa hufupika, haifai hapa.

Mmoja asimamishe fito yake kwenye bikoni ya mbele. Mwenzake ashuke kuelekea baharini mpaka waya ukazike. Sasa yule wa juu asogeze jicho kwenye fito yake mpaka kichwa cha fito ya chini kiguse ule mstari ambapo mbingu na bahari vinakutana. Alama ya fito yake iliyo usawa wa jicho hapo ndiyo sentimita ambazo ardhi imeshuka katika mita 2 hizo. Wa tatu anaandika. Kama ardhi mbele inapanda badala ya kushuka, geuza: linganisha kichwa cha fito ya nyuma na upeo, kisha soma inapokata fito ya mbele, uandike kwa alama ya kujumlisha. Halafu fito ya nyuma ihamie pale ilipokuwa ya mbele, na hivyo hivyo mpaka majini. Jioni hamishia tarakimu kwenye karatasi ya grafu, na ufukwe wako utauona ubavu wake wote.

Njia hii inataka upeo ulio wazi. Mwambani, kwa mfano, visiwa vya Yambe na Karange vinaziba, na ndani ya ghuba ya Tanga ndiyo kabisa. Huko azima kwa fundi mwashi levo ya mpira, ule mpira mwangavu wa maji, ufanye kazi ile ile pole pole.

Vaeni viatu, kuna miiba ya urchini na samaki jiwe. Na asiwepo wa kuipa bahari mgongo siku ya mawimbi.

Lini

Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapa kwetu bamvua hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo kupima siku ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na kulinganisha na siku ya bamvua ni kulinganisha fukwe mbili tofauti. Jedwali la maji kujaa na kupwa lipo bandarini. Wavuvi wengi wanalo kichwani.

Pima mara mbili kwa mwaka kwa uchache: kusi ikiisha, na kaskazi ikiisha. Mchanga huhama kufuata upepo, na ufukwe uliolika Agosti unaweza kurudishiwa Februari. Anayepima mara moja tu ataandika msiba au neema kutegemea alifika lini. Mwaka wa pili linganisha kusi na kusi, kaskazi na kaskazi. Zaidi ya hapo, nenda baada ya tukio lolote kubwa. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu Mei 2024, mwenye vipimo vya Aprili mkononi alikuwa na utajiri.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ufukwe ni mali.

Alaska kuna mji mdogo wa Nenana ambako tangu 1917 watu wanaweka dau: barafu ya mto Tanana itakatika lini, siku, saa na dakika. Husimamisha nguzo juu ya barafu, imefungwa kamba iendayo kwenye saa. Barafu ikisogea, saa inasimama. Baada ya miaka mingi wanasayansi wakaichukua orodha ile ya wacheza dau wakaona ndani yake majira ya kuchipua yakija mapema zaidi. Mimi si mtu wa kamari, lakini funzo nimelichukua. Orodha ile ni safi kwa sababu kila mtu alikuwa akiitazama na fedha yake imo. Kwa hiyo soma vipimo vyenu kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji siku ile ile, vibandikwe ubaoni. Ukiongeza tarakimu, yuko atakayesema.

Daftari liwe gumu, la jalada, na kalamu iwe ya risasi. Wino na maji ya chumvi havipatani. Andika tarehe, hali ya mwezi, saa, upepo, majina ya waliopima, namba ya bikoni, umbali hadi ukingo, kisha zile sentimita. Mstari wa Kigombe unaweza kusomeka hivi: "Bikoni 2. Bamvua la mwezi mpevu, maji yamekupwa. Kusi nyepesi. Ukingo mita 21.40. Mizizi ya mvinje nje." Piga picha ukiwa umesimama juu ya bikoni ya nyuma, simu ikiwa kifuani, ikielekea bikoni ya mbele. Mahali pale pale kila mara.

Acha safu moja pana ya kuandika kilichotangulia. Septemba 2023, kwenye ghuba ya Dickson mashariki ya Greenland, kipande cha mlima kiliporomoka baharini kikainua wimbi la kimo cha kama mita 200, na maji yakabaki yakisukana ndani ya ile ghuba nyembamba kiasi kwamba mitambo ya matetemeko duniani kote ilinasa mtikisiko kwa siku tisa. Chanzo? Barafu iliyokuwa imeuegemea mlima kwa chini ilikuwa imekonda kwa miaka mingi. Anayeandika wimbi peke yake hana habari nzima. Nawe andika: mikoko ilikatwa mwezi gani, malori ya mchanga yalianza lini, mvua ya masika ilifungua mlango mpya wa kijito wapi.

Watafiti kutoka mbali watakuja, na wakaribishwe. Ila Tanga, waja leo waondoka leo, na daftari huondoka nao. Mwenye kulitaka apewe nakala.

Kusoma ulichopima

Sasa ile 3.7. Tuseme ufukwe wako una mteremko wa 1 kwa 50, yaani kila mita 50 unashuka mita 1; grafu yako itakuambia. Bahari ikipanda milimita 3.7 kwa mwaka kwa miaka 10, ni sentimita 3.7. Zidisha kwa 50: maji yamesogea mita 1.85. Mmomonyoko unaweza kuzidi hapo, lakini ukiona bikoni yako imepoteza mita 10 ndani ya miaka mitatu, usikimbilie kuitaja Greenland. Kuna jambo jingine karibu zaidi. Tazama mchanga unaochotwa kwa ujenzi. Tazama mabwawa, kwa sababu mto Pangani una mabwawa ya umeme na la Nyumba ya Mungu huko juu, na bwawa hushika mchanga ambao ungefika pwani. Tazama ukuta wa jirani, unaookoa kiwanja chake na kukiacha chako kiliwe.

Na tazama mlinzi wa ufukwe. Kijiji cha Shishmaref, Alaska, kinaliwa kwa sababu barafu ya bahari, iliyokuwa ikikinga ukingo dhidi ya dhoruba za vuli, siku hizi inachelewa kuganda, na udongo ulioganda nao unalegea. Mwaka 2016 wakazi walipiga kura kuhama. Huku kwetu mlinzi ni mwamba wa matumbawe na mikoko. Matumbawe ya bahari hii yalipauka kwa joto mwaka 1998, yakapauka tena 2016. Mwamba uliokufa huvunjika, na wimbi lililokuwa likiishia nje hufika mlangoni. Hapo joto la dunia limeingia, ila kwa mlango wa nyuma, na daftari lenye safu ya kilichotangulia litaweza kulisema.

Ubishi wa kisiwa cha Maziwe, huko Pangani, ungepungua sana kwa daftari la namna hiyo. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kisiwa kile kikiwa na mivinje na kivuli cha kupumzika. Leo ni kilima cha mchanga kinachofunikwa na maji, na mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo yasizame. Wengine wanasema ni miti kukatwa, wengine ni bahari, na kila upande una sauti kubwa.

Kwa miaka ya nyuma kabla ya bikoni zako, zipo picha za setilaiti za Landsat, za bure, tangu 1972. Kijana mwenye kompyuta atakupatia. Kumbuka tu kwamba katika zile za tangu miaka ya 1980 nukta moja ya picha ni mita 30, kwa hiyo mabadiliko ya mita tano hayaonekani humo. Na mwezi nao una mzunguko wa miaka 18.6 unaopandisha na kushusha kimo cha bamvua kidogo kidogo. Miaka mitatu ya vipimo inakupa habari za ufukwe. Kwa habari za tabianchi utamwachia mjukuu daftari.

Mstari wa kuamua

Hili nimelichukua Longyearbyen, mji wa Svalbard. Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka mlimani ikazisomba nyumba 11, watu wawili wakafa. Tangu hapo wamejenga vizuizi mlimani, na baadhi ya nyumba zilizokuwa chini yake zimeachwa. Uamuzi ule ulikuja baada ya msiba. Ninyi amueni kabla: kaeni kikao cha kijiji mkiwa hamna haraka, mkubaliane kwamba ukingo ukifika mita kadhaa kutoka nyumba fulani, kisima au madrasa, kitu gani kitafanyika na nani atakifanya. Mita zenyewe zitokane na daftari. Kama mwaka mbaya kuliko yote unakula mita 2, mstari wa mita 4 ni kuchelewa, kwa sababu kutafuta kiwanja, kibali na matofali huchukua zaidi ya miaka miwili. Mimi ningeweka mita 12. Pakeni mstari huo rangi nyekundu kwenye grafu na uandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Mkienda halmashauri bebeni ukurasa mmoja: ramani ndogo ya bikoni, jedwali la umbali, picha mbili za mahali pamoja, na muhtasari wenye mhuri wa kijiji. Daftari lenyewe msilitoe mkononi. Wakilitaka, wapigieni fotokopi hapo hapo nje, na risiti yake iandikwe kwenye matumizi ya kikundi.